Tovuti ya kazi zangu ni nzito, nianzie wapi?

SWALI: Natengeneza tovuti hapa Mikindani, Mtwara. Yangu mwenyewe ina miradi 23, na kwenye simu inafunguka kwa kusuasua. Naomba ushauri niisuke upya.
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, anza na picha. Picha ya simu ikipandishwa kama ilivyo huwa na upana wa pikseli 4000 hivi na uzito wa MB kadhaa. Ipunguze hadi pikseli 1200, ihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, ubora 75. Mara nyingi itashuka chini ya KB 200. Kwenye HTML, yaani msimbo wa ukurasa, taja width na height (upana na urefu) za kila picha, la sivyo maandishi yataruka picha inapoingia na mteja atabonyeza mahali asipokusudia. Za chini ziwekee loading="lazy", ili zipakuliwe msomaji anapozikaribia tu. Ya juu kabisa usiiwekee hiyo, itachelewa bure.

Miradi 23 ya nini? Bakiza mitano. Kama ulimtengenezea muuza korosho, eleza shida yake na sehemu uliyofanya wewe, si picha tupu.

Ukibadili anwani za kurasa, elekeza za zamani kwenye mpya kwa 301, yaani agizo la kuhama moja kwa moja. Ukisahau, viungo ulivyokwisha kutuma WhatsApp vitaleta 404, yaani ukurasa haupatikani.