Mi nataja Likoma

Mmeuliza wiki hii kisiwa gani kidogo kinamfaa mtu wa Nyanda za Juu Kusini akitaka kutembea. Najua wengi watawajibu Zanzibar, watawajibu Mafia, sawa, ila mi ni wa Kyela, ziwa liko hapo chini, nipande basi mpaka Dar kutafuta maji ya nini? Jibu langu ni Likoma.

Kiko ndani ya Ziwa Nyasa, kama kilomita za mraba 18 tu, mibuyu na miembe kila upande. Ukifungua ramani utashangaa, kisiwa kimekaa kabisa pembeni ya Msumbiji, maji yote ya kuzunguka ni ya Msumbiji, lakini chenyewe ni cha Malawi. Hiyo ni kazi ya wamisheni. Miaka ya 1880 Waanglikana wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza), walewale wa kanisa la Mkunazini Unguja, walifanya Likoma makao yao ya ziwani (mmoja wao, William Percival Johnson, kaburi lake liko kwetu huku, Liuli), basi Mwingereza akang'ang'ania, na hata Mreno alipogawiwa maji yake mwaka 1954 Likoma na kisiwa mwenzake Chizumulu vikabaki upande wa Nyasaland, ndo Malawi ya leo. Ule ubishi wetu na Malawi wa mpaka ni mwingine, huku hauhusiki.

Cha kuona kwanza ni kanisa kuu la Mtakatifu Petro, walianza kulijenga 1903. Ni la mawe, urefu karibu mita 100, yaani unajiuliza kisiwa cha wavuvi kilitaka kanisa kubwa hivyo la nini. Wenyeji wanasema altare imewekwa pale walipokuwa wakichomwa watu waliotuhumiwa uchawi, na msalaba mmoja humo umechongwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Kama kanisa si mambo yako kuna maji, masafi, miamba inaingia hadi ndani, vaa miwani ya kuogelea uangalie mbuna, visamaki vya bluu na njano ambavyo Wazungu wanafuga kwenye matanki sebuleni. Chakula ni usipa (dagaa wa ziwani) na ugali wa muhogo, hutakuwa mgeni.

Sasa njia, hapo sidanganyi, ni ndefu: Kasumulu mpakani, Karonga, Mzuzu, ushuke Nkhata Bay ndo utafute meli, Ilala ikiwepo, kwa hiyo uliza siku yake kabla hujafunga begi. Boti ndogo mimi sishauri mwera, ule upepo wa kusini, ukianza kuvuma, kama Mei hadi Agosti hivi, ziwa hili halina utani, Askofu Chauncy Maples alizama 1895 akiwa njiani kwenda Likoma kuanza kazi. Nendeni Septemba au Oktoba, na kwacha, pesa ya Malawi, mbadilishe mapema.