Barua kwa mwanangu: ile elfu kumi ya grupu

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona tangu juzi, unauliza kama elfu kumi kwa mwezi inatosha kwenye grupu lenu la wahitimu mnaowachangia madogo waliokosa mkopo, au uongeze kwa vile sasa una kazi. Nilitaka nikupigie nikaona nitalia, bora niandike.

Elfu kumi siyo kidogo baba, mkiwa hamsini hiyo ni laki tano kila mwezi, dogo analipiwa chumba Changanyikeni na anakula. Siku zetu hata hiyo Bodi ya Mikopo haikuwepo, imeanza 2005. Ila mimi naogopa mkishatuma M-Pesa mtajiona mmemaliza. Mwanafunzi anataka mtu, siyo muamala tu.

Mama mkubwa wako wa Mwanza unadhani tulijuanaje? 1996, mwaka wa pili, nimepangiwa fildi, yale mazoezi ya kazi, Mwanza na sina ndugu huko hata wa kusingizia, nimeshuka kwenye treni na begi na barua ya chuo. Ile ofisi yeye ndo alipokea barua, akaona Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, akaniuliza, "Unakaa Hall gani?" Nikamwambia sina chumba, kuna dada kanibeba, tunalala wawili kitanda kimoja. Hakuuliza tena. Jioni nikaondoka naye, nikakaa kwake wiki nane zote, nakula, nafua, ananisahihishia ripoti usiku kwa kalamu nyekundu. Hakuwa na hela yule! Mshahara wenyewe wa manati. Alikuwa mtu.

Sasa sikia ambacho sijawahi kukwambia. 2007 na mimi niko ofisini, kaja binti na barua ya fildi, nikamwambia iache hapo. Wiki ijayo karudi, barua iko chini ya mafaili vilevile, nikamwambia nafasi zimejaa. Hazikujaa, sikuwa nimeuliza. Akasema asante mama akaondoka, viatu vyake vimejaa vumbi la njiani. Baba yako anasema niache kujitesa, mdogo wako alikuwa mchanga, silali usiku, kazi zimenizidi, na kweli zilinizidi. Lakini mwanangu, kumuuliza bosi ni dakika ngapi? Tano? Jina lake nililisoma kwenye ile barua na sikulishika.

Najua si kila mtu anaweza kulaza mgeni ndani, nyie huko mnapanga chumba kimoja na maisha yamepanda. Hela nayo inasaidia, sikatai, mwenye njaa hali maneno. Ila mtu, siyo muamala tu.

Kwa hiyo utoe ngapi sikupangii, umeshakuwa mtu mzima, ingawa ulimi unaniwasha kweli kweli.

Huyo dogo wa mwaka wa kwanza uliyesema kakosa mkopo, anaitwa nani? Saa hizi analala wapi? Nitumie namba yake.

Mama yako