Kuacha kitabu njiani: swali aliloniuliza mzee wa Chumbageni

Salaam wadau. Nimemsoma kijana wetu wa Muheza tangu jana, nikaona nimjibu kwa urefu, maana alichouliza nami kimenisumbua miaka mingi. Kwa aliyeingia sasa hivi: shemeji yake kampa riwaya ya kurasa 400 na ushei. Ana miezi mitatu nayo, yuko ukurasa wa 130, hamu imekwisha, na kila Ijumaa wakitoka msikitini shemeji anamuuliza amefika wapi. Anataka kujua ni wakati gani mtu anaweza kuacha. Wengine mmemwambia aache tu, maisha mafupi. Wengine mmemwambia avumilie, utamu uko mbele. Mie nadhani majibu yote mawili yanamruka yeye mwenyewe.

Nianze na mahali niliposomea vitabu vyangu. Tangu mwaka 1998 nafanya kazi ya kuhesabu shehena bandarini hapa Tanga. Nyinyi mnaoziona meli zikifunga gatini hamkuikuta hali ya zamani. Kina cha maji kilikuwa kifupi, meli kubwa ikitia nanga huko nje, zaidi ya kilomita moja, mzigo unashushwa kwenye matishari kisha unavutwa mpaka gatini. Tishari likijaa linaondoka, na wewe mhesabuji unakaa kungoja jingine. Katika kungoja huko ndimo nilimosoma karibu kila nilichosoma. Siku hizi kina kimechimbwa hadi mita 13, meli inakuja mpaka gatini, kazi inakwenda mbio. Nafurahi kwa ajili ya mji wetu. Ila zamu iliyokuwa ikinipa kurasa 50 sasa inanipa 10, na hapo ndipo nilipolazimika kulifikiria jambo hili sawasawa. Zamani nikishika kitabu kibovu nilikuwa napoteza wiki. Sasa napoteza nusu mwaka.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani Ngamiani. Alisoma mpaka gazeti lililofungiwa vitumbua, akilinyoosha kwa kiganja ili mafuta yasifiche maneno. Kwake kitabu kilikuwa kama chakula ulichokaribishwa kwa watu, hukiachi sahanini. Nimelelewa hivyo na sijutii, maana nidhamu ile ndiyo iliyonifikisha mwisho wa vitabu vizito ambavyo leo navipenda. Lakini sheria ya baba ilikuwa ya mtu aliyeona vitabu vichache sana maishani. Ukiwa na vitabu vitatu ndani ya nyumba, kumaliza vyote ni jambo la busara.

Mwaka 2009 nilinunua riwaya nene ya kutafsiriwa, kwa bei iliyoniuma. Nikatembea nayo miezi saba. Inakwenda kazini, inarudi nyumbani, inalala juu ya redio. Nilikuwa nasoma kurasa mbili, nasinzia, kesho yake narudia zilezile mbili kwa sababu sikumbuki kitu. Hela ilikuwa imeshakwenda na maji yakimwagika hayazoleki, lakini nilijiambia nikiacha nitakuwa nimeitupa. Naomba kijana wangu anisikilize hapa: hasara haikuwa ile riwaya. Hasara ni kwamba katika miezi saba ile sikufungua kitabu kingine hata kimoja. Nilijikataza kuanza kipya kabla ya kumaliza kile, na kile sikukisoma, kwa hiyo nikawa mtu asiyesoma kabisa huku natembea na kitabu kwapani. Ukitaka kujua kama hali yako ni mbaya, usihesabu kurasa ulizobakiza. Jiulize tangu umekishika hicho umesoma nini kingine.

Sasa nije kwa mzee. Kulikuwa na mzee mmoja Chumbageni, mwalimu mstaafu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiazimisha vitabu vyake kwa yeyote aliyepita barazani kwake. Aliandika jina la mwazimaji na tarehe kwenye daftari la shule. Aliniazima riwaya moja, ikanishinda kwenye ukurasa wa 88. Nilikaa nayo wiki nyingi kwa aibu, nikipita njia ya nyuma nisionane naye. Mwisho nikaenda.

"Shikamoo mwalimu. Nimekirudisha, ila sikukimaliza."

"Marahaba. Kilikushinda nini?"

Nikamwambia kinachosha. Akatikisa kichwa. "Kuchosha si jibu. Hata safari ya Makka inachosha. Mimi nakuuliza kilikushinda nini."

Nikakaa pale, kahawa ikanipoa mkononi. Nikaanza kutafuta. Lugha? Hapana, lugha ilikuwa nzuri. Mwendo? Mwendo haukuwa mbaya. Nikagundua ni yule mhusika mkuu. Kila alilotendewa mwandishi alimhurumia, na kila alilowatendea wengine, hasa mke wake, lilipitwa kwa sentensi moja. Nilikuwa nimechoka kuombwa nimhurumie. Nilipomweleza hivyo, mzee akachukua kitabu, akaandika kwenye daftari kwamba kimerudi, akasema, "Basi umekisoma." Akanipa kingine.

Tangu siku ile kipimo changu ni hicho. Kabla sijafunga kitabu namjibu yule mzee: kimenishinda nini, na neno kuchosha haliruhusiwi. Nikipata jibu, nakiweka chini bila kinyongo. Nisipolipata, najua tatizo liko kwangu: usingizi, mawazo ya ada ya shule, simu inayolia kila dakika. Hapo sikiachi, nakiweka kando wiki moja kisha nasoma kurasa 20 nyingine nikiwa nimepumzika. Vitabu viwili vitatu ninavyovipenda sana leo viliokoka kwa njia hiyo.

Mtu ataniuliza, je, jibu lako likiwa la makosa? Linaweza kuwa, na limewahi kuwa. Nikiwa na miaka 15 niliiacha Kusadikika ya Shaaban Robert. Ndiyo, mtu wa Tanga kuiacha Kusadikika. Mwandishi mwenyewe alizaliwa mwaka 1909 hapo Vibambani, Machui, kusini mwa mji, na mwaka 1926 akaanza kazi ya ukarani forodhani, kwa hiyo tuliofanya kazi za bandari tunamhesabu kama mwenzetu. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1951 na ni chembamba. Lakini kilinishinda kwa mjumbe wa tatu. Walioisoma wanajua: Karama anashitakiwa, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini kutafuta mema ya kuiletea nchi. Kila mmoja anahangaika, anarudi na jambo la maana, anatupwa gerezani. Nikasema, huyu anarudiarudia, nimeshaelewa, na mjumbe wa nne naye atafungwa. Nikakifunga.

Nilipokuwa na miaka arobaini na moja nilikuwa mwanachama wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Mwenzetu mmoja akasimama mkutanoni, kwa adabu kabisa, akaomba hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote. Akaonekana mchochezi, akaondolewa. Mwaka uliofuata akasimama mwingine na ombi lilelile. Akaondolewa naye. Akaja mama mmoja, wa tatu. Usiku wa mkutano huo nilikwenda kukitafuta kile kitabu kwenye sanduku la marehemu baba, nikakisoma chote mpaka alfajiri. Kilichonikimbiza nikiwa mtoto, kule kurudiarudia, ndicho kilichonikalisha mpaka mwisho. Sita si wengi. Wa nne ilibidi afungwe, na wa tano, na wa sita, ili msomaji ahisi uzito wa nchi inayofunga kila anayeiletea heri. Katika umri wa miaka 15 nilikuwa sijamwona hata wa kwanza.

Kwa hiyo simwambii kijana kwamba jibu lake litakuwa sahihi. Namwambia alipate, aliandike. Mimi naandika kwa penseli kwenye karatasi ndogo: tarehe, ukurasa, sababu. Naiacha ndani ya kitabu pale nilipoishia. Kikiwa cha mtu au cha maktaba, karatasi inakaa kwenye daftari langu. Kuacha kwa namna hiyo ni kama mtu aliyefunga mlango na ufunguo akaujua ulipo. Kukiacha tu chini ya kitanda bila kusema lolote, hicho ndicho kinachomrudia mtu usiku.

Kuna mdau ametaja kanuni ya kurasa 50. Hiyo ni ya Nancy Pearl, mkutubi mashuhuri wa Seattle kule Marekani: msomaji akipe kitabu kurasa 50, na aliyepita umri wa miaka 50 atoe umri wake kwenye 100, kinachobaki ndiyo idadi ya kurasa anazodaiwa. Mie nina miaka 53, nadaiwa 47. Naipenda kanuni hii kwa sababu inamheshimu mtu mzima, inakubali kwamba muda unapungua. Lakini tuangalie vitabu vyetu. Riwaya nyingi za Kiswahili nilizosoma zina kurasa 100, 120, 150. Ukisoma 50 umeshakula theluthi au nusu, umeshalipa karibu nauli yote. Kwa riwaya nene ya kutafsiriwa, 50 ni salamu tu, hata wahusika hujawajua majina. Kwa vitabu vyetu mimi nasema kurasa 25 zinatosha kumjua mwandishi anazungumzaje. Kwa kile cha kurasa 400, kijana amekipa 130. Deni la kanuni yoyote amelilipa.

Daniel Pennac wa Ufaransa, aliyekuwa mwalimu kabla ya kujulikana kwa uandishi, mwaka 1992 aliorodhesha haki 10 za msomaji, na ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu. Nilipoijua orodha hiyo nilishusha pumzi ya miaka. Ila haki haikuambii lini uitumie. Una haki ya kuondoka harusini saa yoyote, na bado unaangalia kama wali umeshapakuliwa.

Vitabu vya mtihani simo. Hivyo ni kazi, unamaliza kama unavyomaliza zamu. Na vile vya kufundisha kutajirika, vinavyosema jambo moja sura kumi na mbili, vikate mapema, mwenyewe utajua.

Utenzi ni habari nyingine. Nilishindwa na utenzi mmoja mrefu mara mbili, nikausingizia kila kitu. Siku moja shangazi, mtu wa Pangani, akauchukua mezani akaanza kuughani huku anachambua mchele. Beti zilezile zilizokuwa zimelala kama mawe zikainuka. Kumbe nilikuwa nausoma kwa macho, na ule uliandikwa kwa ajili ya sikio. Kijana, kabla hujafunga hicho chako jaribu kusoma kurasa tatu kwa sauti, peke yako chumbani. Mazungumzo ya wahusika yakikataa kutoka mdomoni, yaani ukihisi hakuna mtu anayesema hivyo, umepata jibu la mzee.

Kuna kuacha kwa aina moja ambako hakutaki kipimo. Mama yangu alipofariki nilikuwa katikati ya riwaya inayomhusu mama mgonjwa hospitalini. Ilikuwa nzuri, nzuri mno, na ndiyo sababu sikuweza. Nilisoma aya moja inayoeleza jinsi binti anavyomkatia mama yake kucha kitandani, nikakifunga. Ni miaka sita sasa. Karatasi yangu iko ndani, ukurasa wa 112, na mahali pa sababu nimeandika jina la mama tu. Mwenye kitabu cha namna hiyo asikubali mtu amharakishe, wala asijione dhaifu.

Sasa habari ya shemeji, maana naona hiyo ndiyo inayokukaba zaidi ya kitabu chenyewe. Usimdanganye kwamba umefika 200. Atakuuliza habari za humo, utaongeza uongo juu ya uongo, mwishowe utamkwepa shemeji kama nilivyomkwepa yule mzee. Kumbuka pia kwamba aliyekupa kitabu amekupa kitu alichokipenda, kwa hiyo usimwambie kibaya. Kaa usiku wa leo, tafuta kimekushinda nini, kisha Ijumaa uwahi kumwambia kabla hajauliza: "Shemeji, nimefika 130 nikakwama, na nimekwama kwa sababu hii." Ukimpa sababu ya kweli mtazungumza. Huenda akakuambia neno litakalokurudisha kitabuni. Huenda akakuambia hata yeye sehemu hiyo aliiruka. Na kama atakasirika, amekasirikia ukweli ulioletwa kwa heshima.

Ukipata nafasi ukija mjini, pitia maktaba ya mkoa uazime chembamba kimoja ukae nacho sambamba, wiki hiihii, hata kama cha shemeji hujakiamua. Usirudie miezi saba yangu.

Mimi hapa nina kimoja mkononi, niko ukurasa wa 44, nimebakiza 3 za deni, na kesho naingia zamu ya usiku. Ijumaa nitapita hapa nisome shemeji kasema nini.