Maswali ya wasomaji: pampu isiyolala, maji ya paa na hita ya jua

Swali: Pampu ya presha inayosukuma maji ndani ya nyumba hujiwasha usiku kila baada ya dakika kumi hivi, na hakuna aliyefungua koki. Fundi anasema imechoka, ninunue nyingine. Ni kweli?

Jibu: Usinunue bado. Pampu haina kosa hapo, inatii swichi yake tu. Presha ya bombani ikishuka hadi kiwango kilichowekwa, lazima iwake. La kujiuliza ni maji yanakwenda wapi: yanatoka nje au yanarudi nyuma?

Kabla ya kulala, funga valvu iliyo baada ya pampu, ile inayoelekea ndani ya nyumba, kisha sikiliza kwa saa nzima. Ikiendelea kujiwasha, kagua kwanza viungo vilivyo kati yake na valvu hiyo. Vikiwa vikavu, basi maji yanarudi kwenye tangi kubwa kupitia valvu ya njia moja. Mara nyingi ni punje ya mchanga iliyonasa au mpira ulioliwa. Ifungue uisafishe, na mpira ukiwa na mkunjo, badilisha.

Ikinyamaza, mvujo umo ndani ya nyumba, na mshukiwa wa kwanza ni choo cha kuvuta. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikitokea humo, kizibo cha mpira cha chini hakikai sawasawa. Kipake siki na ukisugue kutoa chumvi ya maji kabla ya kukitupa. Wakati mwingine hilo latosha. Kama maji yanamwagikia ndani ya bomba la kuzuia kufurika, kizibo ni kizima ila boya limewekwa juu mno. Lishushe mpaka maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo.

Kuna ugonjwa wa tatu unaofanana na huu. Pampu ikiwaka na kuzima kila sekunde chache huku koki moja tu imefunguliwa, angalia tangi dogo la presha. Zima umeme, fungua koki mpaka maji yaishe bombani, kisha pima upepo wa tangi hilo kwa geji ya tairi. Unatakiwa uwe pungufu kidogo ya presha inayowasha pampu: ikiwa pampu huwaka kwenye bari 1.5, upepo uwe bari 1.3 hivi. Ukipungua, jaza kwa pampu ya baiskeli. Maji yakichuruzika kwenye valvu ya upepo, mfuko wa ndani umepasuka, na huo hautibiki kwa upepo. Usiliahirishe hili: mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokwisha kushika kasi, na kuwashwa-washwa ndiko kunakoiunguza. Pampu mpya uliyoambiwa ununue ingekufa kwa maradhi yale yale.

Swali: Nina paa la bati, nyumba ni mita 8 kwa 6. Nitarajie maji kiasi gani ya mvua, na kwa nini ya tangini hunuka baada ya wiki chache?

Jibu: Hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Pima eneo ambalo paa limefunika chini, wala si urefu wa mteremko wa bati. Kwako ni mita za mraba 48, kwa hiyo mvua ya milimita 25 ni lita 1,200. Toa kinachorukia nje ya gata na kinachokauka juu ya bati. Ukivuna 1,000, gata zako ni nzuri.

Harufu huletwa na majani, vumbi na kinyesi cha ndege vinavyooza chini ya tangi. Maji ya mwanzo ya kila mvua yasiingie kabisa. Tenga nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 24 kwa paa lako. Bomba la plastiki la inchi 4 hubeba karibu lita 8 kwa mita, kwa hiyo mita 3 zilizosimama wima, zikiunganishwa kabla ya mlango wa tangi, zinatosha. Ziba chini kwa kifuniko cha kufungulika na ukitoboe tundu la milimita 3 ili bomba lijimwage lenyewe kabla ya mvua ijayo. Tundu hilo ndilo linaloangusha wengi: linazibwa na jani, bomba linabaki limejaa, na mvua inayofuata inapita juu yake na uchafu wote hadi tangini. Lichokoe kila baada ya mvua kubwa.

Bomba linaloingiza maji lifike karibu na sakafu ya tangi na liishie na kona inayotazama juu, maji yasitibue tope. Koki ya kuchotea iwe sentimita 10 juu ya sakafu. Mwanga usipenye, la sivyo ukijani utaota, na wavu wa mbu uwekwe hata kwenye bomba la kufurika, ambako karibu kila mtu husahau. Ya kunywa yachemshwe, ingawa kuchemsha hakuondoi madini ya risasi, ambayo ni sumu, yatokayo kwenye rangi kuukuu ya paa.

Swali: Hita yangu ya jua ina maji ya moto jioni, lakini alfajiri ni vuguvugu. Tangi liko pembeni ya paneli.

Jibu: Umeshataja kosa lenyewe. Katika hita isiyo na pampu, maji yaliyopata moto kwenye paneli huwa mepesi, hupanda tangini, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Usiku paneli hupoa, na tangi lisipokuwa juu ya kutosha mzunguko hugeuka: paneli inapoza maji uliyopasha mchana kutwa. Shika bomba la juu la paneli saa tatu usiku. Likiwa moto, ndivyo ilivyo. Pandisha tangi mpaka kitako chake kiwe kama sentimita 30 juu ya ukingo wa juu wa paneli, na bomba la moto lipande moja kwa moja bila kibonde wala kilima kinachonasa hewa. Kagua pia sponji ya mabomba, maana jua huila ikabaki unga.

Swali: Je, niweke tofali kwenye tangi la choo ili kupunguza maji?

Jibu: Tofali hapana, humomonyoka na chembe zake hukwama chini ya kizibo. Weka chupa ya lita 1 iliyojaa maji, isiguse boya. Ukianza kuvuta mara mbili, itoe.