Kijiko cha Chai si Kipimo cha Tincha ya Bangi

SWALI

Mfamasia, shikamoo. Ninaishi Calgary, Kanada, pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 68, aliyetoka Mombasa miaka miwili iliyopita. Kwa sababu ya maumivu yake ya magoti nilimnunulia, katika duka lenye leseni, chupa ya mililita 30 ya tincha ya bangi (dawa ya maji ya kudondosha, bangi iliyolowekwa kwenye pombe), iliyoandikwa kuwa ina miligramu 10 za THC kwa kila mililita. Jioni moja alidondosha matone machache kwenye chai, na baada ya dakika 40, alipoona hasikii chochote, akanywa tincha yenyewe kijiko kizima cha chai. Usiku alishikwa na kizunguzungu, moyo ukamwenda mbio, akawa anasema anakufa. Asubuhi aliamka mzima. Anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tena ni Mwislamu, na hakujua kwamba dawa hiyo imetengenezwa kwa pombe. Rafiki wa mume wangu anasema atatutengenezea nyingine nyumbani bila gharama, na mama anataka kubeba chupa atakapokwenda kuwaona jamaa mwezi wa Desemba. Tufanyeje?

Msomaji, Calgary

JIBU

Marahaba, mwanangu, na mpe mama pole. Kijiko cha chai kina takriban mililita 5, kwa hiyo mama alikunywa karibu miligramu 50 za THC, ambayo ndiyo kemikali ya bangi inayolevya, ilhali mtu anayeanza huanza na miligramu 2.5 au pungufu, na mzee hupaswa kushikilia upande wa pungufu. Alikunywa dozi ishirini kwa mkupuo mmoja, tena juu ya matone yaliyokuwa bado hayajaanza kazi.

Kosa la kuongeza ndilo linalowapata wengi, na linatokana na njia ambayo dawa hupita mwilini. Tincha ikishikwa chini ya ulimi kwa dakika moja hivi, sehemu yake hupenya kwenye mishipa ya damu na huweza kusikika ndani ya robo saa hadi dakika 45. Ikimezwa, au ikitiwa kwenye chai kama alivyofanya mama, hupita kwanza tumboni na kwenye ini, ambako THC hugeuzwa kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi. Hapo mtu huweza kukaa saa nzima, hata mbili, bila kusikia kitu, kisha ikamshika kwa saa sita au nane. Kwa kuwa hata ile ya chini ya ulimi nyingi yake humezwa pamoja na mate, asiongeze tone usiku ule ule, hata akiona haijafanya kazi.

Achaneni pia na kuhesabu matone. Tone la pombe ni dogo kuliko tone la maji, na ukubwa wake hubadilika kulingana na mdomo wa bomba la kudondoshea. Ombeni kwenye duka la dawa bomba la sindano la plastiki lisilo na ncha, la mililita 1, lenye mistari. Kwa chupa yenu, robo ya mililita ndiyo miligramu 2.5. Lebo ikiwa na namba mbili za THC, hesabuni kwa ile ya jumla.

Hata hivyo mama asiguse hata hiyo robo kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu ya warfarini. Bangi, kwa THC na kwa CBD yake (kemikali yake nyingine, isiyolevya), huweza kulichelewesha ini kuivunja dawa hiyo, damu ikawa nyepesi kupita kiasi na mtu akatokwa na damu ndani kwa ndani. Daktari akikubali, atataka kipimo cha damu cha INR, kinachoonyesha damu inavyochukua muda kuganda, kirudiwe mapema; nanyi mwangalie fizi zinazotoka damu, michubuko isiyo na sababu na choo cheusi kama lami. Siku atakayotumia asiamke kitandani kwa haraka, kwani shinikizo la damu hushuka na mzee huanguka. Ikitokea tena amezidisha, alazwe mahali tulivu na asiachwe peke yake. Akizimia, akiumwa kifua au akiwa haamshiki, pigeni 911 bila kuona haya kutaja bangi.

Kuhusu pombe: mililita moja ya tincha yenye pombe ya asilimia 70 ina kama nusu gramu ya pombe, wakati bia moja ya mililita 500 ina karibu gramu 20. Kiasi hicho hakilevyi, ingawa huunguza ulimi. Lakini jambo la mama si la gramu, ni la dini yake, na alistahili kuambiwa kabla. Zipo dawa za namna hiyo zilizotengenezwa kwa mafuta, na hizo ndizo zinazomfaa pia mtu aliyeacha pombe au anayetumia disulfiramu, dawa ya kumsaidia mtu kuacha pombe.

Ya nyumbani ikataeni. Dawa ya bangi iliwahi kuwamo katika orodha rasmi ya dawa ya Marekani kuanzia 1850 hadi 1942, na madaktari wa wakati ule waliilalamikia kwa jambo hilo hilo: chupa hii hailingani nguvu na ile. Rafiki yenu naye hana maabara. Zaidi ya hayo, watengenezaji wa jikoni hupenda kupasha pombe moto ili ipungue, na mvuke wake hudaka moto wa jiko ukalipua nyumba. Wengine hutumia spiriti ya kusafishia vidonda, ambayo ni sumu kuinywa.

Safarini chupa isiende. Kanada iliruhusu bangi tarehe 17 Oktoba 2018, lakini kuivusha mpaka ni kosa hata kwa mwenye karatasi ya daktari, na Kenya inaikataza kwa sheria yake ya 1994. Ifungieni kabatini kwa ufunguo, mbali na watoto, na kwa siku za Mombasa daktari amwandikie dawa nyingine ya magoti. Asijinunulie ibuprofeni wala diklofenaki dukani, kwani nazo pamoja na warfarini huongeza hatari ya kutoka damu.