Mtaji kwa Mwanamke Mjasiriamali: Piga Hesabu ya Hisa Kabla ya Kusaini

Wanawake wengi wenye biashara nzuri huanza kutafuta mwekezaji kabla hawajajua wanahitaji fedha ya aina gani. Fedha ya kununulia bidhaa zitakazouzwa ndani ya miezi 3 haifanani na fedha ya kuanzisha kitengo kitakacholeta faida mwaka wa tatu. Ya kwanza ni mtaji wa mzunguko, na hiyo inakopwa. Ukiitafuta kwa kuuza hisa, umetoa sehemu ya kampuni milele ili kutatua shida ya msimu mmoja. Ya pili ndiyo inayomfaa mwanahisa, kwa kuwa yeye hadai kitu mwisho wa mwezi.

Kwenye mkopo, kikwazo kikubwa ni dhamana. Mara nyingi nyumba na ardhi vimeandikwa jina la mtu mwingine, na mwenye biashara anaambiwa amlete mume au kaka aje kutia saini. Kabla ya kukubali, uliza kama mkopeshaji anapokea ankara ambazo wateja hawajalipa, oda iliyosainiwa na mnunuzi mkubwa, au mashine yenyewe inayonunuliwa. Hakikisha kila ankara ina tarehe ya mwisho ya malipo na saini ya aliyeipokea, kwani ankara isiyo na saini ni rahisi kukanwa.

Upo pia mkopo unaolipwa kwa asilimia ya mauzo, unaosifiwa kwa kuwa hauombi hati ya nyumba wala hisa. Upigie hesabu kwanza. Tuseme unachukua milioni 10 na kukubali kurudisha milioni 14, kwa kukatwa asilimia 5 ya mauzo ya kila mwezi. Ukiuza milioni 8 kwa mwezi unakatwa 400,000, na deni linaisha baada ya miezi 35. Sasa angalia upande wa faida. Ikiwa katika kila 100 unayouza unabakiwa na 15 baada ya kulipa malighafi na vibarua (hiyo ndiyo faida ghafi), ile asilimia 5 imechukua theluthi ya kilichobaki, na hujalipa pango wala umeme. Biashara inayolipa vizuri wafanyakazi na wanaoiuzia malighafi huwa na faida ghafi nyembamba, kwa hiyo ndiyo inayoumizwa zaidi na mkopo huu. Faida ghafi ikiwa chini ya asilimia 30, sisi tunashauri uachane nao.

Kwa hisa, mtego wa kwanza ni neno moja linaloachwa. Mwekezaji anasema kampuni yako ina thamani ya milioni 80 naye ataweka milioni 20. Ni thamani ya kabla ya fedha yake au baada? Ikiwa ni kabla, anapata asilimia 20. Ikiwa ni baada, anapata 25. Iandikwe kwenye barua ya kwanza kabisa, kabla wanasheria hawajaanza kulipwa.

Mtego wa pili huja polepole, na kwa mwanamke ndio mbaya zaidi. Awamu ya kwanza ya kuuza hisa unatoa asilimia 20, unabaki na 80. Ya pili mwekezaji mpya anachukua 25, unabaki na 60. Ya tatu unatoa 20 tena, unabaki na 48. Hakuna awamu iliyoonekana kubwa, lakini umeshapoteza wingi wa hisa. Kuna milango inayofunguka kwa asilimia 51 tu: WEConnect International, inayounganisha biashara za wanawake na wanunuzi wakubwa, huthibitisha kampuni inayomilikiwa na wanawake kwa angalau asilimia 51, na tena iwe inasimamiwa na kuongozwa nao. Chora jedwali la umiliki, linaloonyesha nani ana asilimia ngapi, la awamu 3 kabla ya kusaini ya kwanza. Ukiona utashuka chini ya 51, tafuta wanahisa wanawake mapema, au punguza kiasi unachoomba na ujazie kwa mkopo.

Soma pia kifungu cha nani analipwa kwanza kampuni ikiuzwa. Aliyeweka milioni 20 kwa sharti la kurudishiwa mara 2 atachukua 40 kwanza. Kampuni ikiuzwa kwa milioni 50, wewe na wafanyakazi wenye hisa mnagawana 10. Mara 1 inatosha. Zaidi ya hapo, pinga.

Kuhusu mkutano wenyewe na mwekezaji, mtafiti Dana Kanze na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti ulioonyesha kwamba wawekezaji huwauliza wanaume zaidi juu ya kukua, na wanawake zaidi juu ya kutopoteza. Walioulizwa swali la kujilinda wakalijibu kwa lugha ya kukua walipata fedha nyingi zaidi. Kwa hiyo ukiulizwa, “Utawazuiaje wateja wasikuhame?”, jibu kwa kifupi idadi ya wanaorudi kununua, kisha endelea hapo hapo na soko ambalo hujalifikia na mtaji huu utakufikishaje. Si kukwepa swali. Namba ya kujilinda itangulie.

Sasa upande wa jamii, yaani mema ambayo biashara yako inawafanyia watu, ambao wengi huuweka ukurasa wa mwisho wenye picha. Uweke kwenye hesabu. Kama unanunua malighafi kwa bei iliyo juu ya soko kwa asilimia 8, hiyo 8 iwe ndani ya gharama ya kila bidhaa. Ukiiandika kama mchango, mwaka mgumu ukifika itakatwa kabla ya kitu kingine chochote. Chagua vipimo 2 au 3 unavyoweza kuvithibitisha kwa karatasi: siku ngapi zinapita kabla hujamlipa aliyekuletea mzigo, wafanyakazi wangapi wana mkataba wa maandishi, mshahara wa chini kabisa ni kiasi gani. Chukua namba za mwanzo kabla fedha haijaingia. Epuka kuhesabu “walionufaika”, kwa sababu mtu mmoja aliyepata mafunzo, kazi na mkopo huishia kuhesabiwa mara 3, na mkaguzi akiligundua hilo hataamini namba nyingine.

Kisha dhamira hiyo ya kijamii iingie kwenye katiba ya kampuni, pamoja na sharti kwamba haibadilishwi bila kura za asilimia 75 ya hisa. Kwa sharti hilo, hata ukibaki na 26 tu bado unaweza kuzuia mabadiliko. Ongeza haki ya kwanza ya kununua hisa za mwekezaji anapotaka kutoka, ukipewa angalau siku 60 za kutafuta fedha, la sivyo anaweza kumuuzia mshindani wako.

Mwekezaji atakuchunguza kwa miezi, nawe mchunguze. Omba majina ya wanawake 2 aliowawekea fedha, mmoja wao awe ambaye biashara yake ilifungwa, na umuulize huyo alitendewaje miezi ya mwisho.