Mbwa wa pili kutoka ng'ambo: mwangalie kwanza yule uliye naye

Ndugu uliyeuliza, umesema una mbwa jike wa miaka mitano, uliyemchukua kutoka shirika la uokoaji wa wanyama la nchi nyingine. Kwamba ulipita muda mrefu kabla hajaacha kujificha chini ya meza kila mlango ulipogongwa. Na kwamba sasa shirika hilohilo limekutumia picha za dume kijana anayekaa katika kituo chao, nawe unataka kujua kama umchukue. Nyumbani kwangu wapo mbwa wawili, wote wa kutoka ng'ambo, waliokuja kwa kupishana miaka kadhaa, na kati ya yule wa kwanza na huyu wa pili yupo mwingine niliyemkataa baada ya kumfikiria sana. Ninajibu kwa kutegemea uamuzi wa mara zote hizo, hasa ule wa kukataa, kwa kuwa ndio ulionifundisha la kuuliza.

Jambo ninaloliweka mbele ya mengine yote ni kwamba uamuzi huu unamhusu mbwa uliye naye kuliko unavyomhusu yule wa kwenye picha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na wengi wetu huingia katika shauri la mbwa wa pili tukiwa na tumaini hilohilo, kwamba mwenzake akija, mwoga atachangamka na mpweke atatulia. Wakati mwingine huwa hivyo. Mbwa anayeogopa sauti za barabarani anaweza kupata ujasiri kwa kumwona mwenzake aliyetulia akipita palepale bila kushtuka. Lakini kama shida yake ni kubweka na kukwaruza mlango kila unapotoka, ujue kwamba mara nyingi anachokilia ni kuondoka kwa mtu wake, wala si kukosa mbwa mwenzake, na hofu ya namna hiyo hutibiwa kwa mafunzo ya hatua kwa hatua na ushauri wa daktari wa wanyama. Isitoshe, mbwa huambukizana hofu: mwoga wa pili akiingia katika nyumba ya mwoga wa kwanza, unaweza kujikuta una wawili chini ya meza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza chochote kuhusu yule dume, mchunguze jike wako, na mchunguze akiwa ndani ya nyumba yake, si barabarani tu. Mbwa wengi huwasalimu wenzao vizuri njiani kwa sababu njia si mali yao. Mwalike rafiki mwenye mbwa mpole ambaye jike wako anamfahamu, waache wakae sebuleni kwa muda, na uyatazame mambo madogo. Wa kwangu, mgeni alipolisogelea godoro lake, aligeuza kichwa pembeni, akalamba midomo, kisha akainuka na kwenda chumba kingine. Nililipenda jambo hilo, kwa sababu lilinionyesha kwamba anajua kuondoka bila ugomvi. Kinachotia wasiwasi ni mbwa anayekakamaa ghafla juu ya bakuli au juu ya godoro, mdomo umefumbwa, kichwa kimeinamishwa, weupe wa jicho ukionekana pembeni. Hapo huenda hata hajanguruma, lakini ameshasema. Mpeleke pia kwa daktari akapimwe viungo na meno, kwa kuwa mbwa mwenye maumivu huwa na uvumilivu mdogo, na mgeni kijana anayemrukia kila saa anaweza kuyageuza maumivu hayo kuwa vita.

Tofauti kubwa kati ya kumchukua mbwa wa karibu na kumchukua wa ng'ambo haiko katika nauli wala makaratasi. Ni kwamba wa karibu unaweza kwenda naye matembezini pamoja na mbwa wako kabla ya kutia saini, ilhali wa ng'ambo unampokea kwa kuamini maneno ya watu. Mbwa wa kwanza anaweza kuchukuliwa kwa imani ya namna hiyo, kwa kuwa atakayebeba matokeo ni wewe mwenyewe. Kwa mbwa wa pili yupo mwingine ndani ya nyumba atakayeyabeba, na huyo hakuulizwa.

Yule niliyemkataa alielezwa kwamba anaelewana na mbwa wote. Niliomba video, nikaletewa. Ilimwonyesha amesimama kwenye kona ya uzio, wenzake wakipita mbele yake, mtu akimpapasa mgongoni, naye hatikisiki. Mhudumu alimsifu kwa utulivu. Nilipoitazama tena niliona kwamba mkia ulikuwa umebanwa tumboni, masikio yamelazwa nyuma, na kipande cha nyama kilichowekwa karibu na pua yake hakukigusa. Huyo hakuwa ametulia. Alikuwa ameganda kwa hofu, na mbwa aliyeganda hajakuonyesha bado tabia yake halisi, nzuri wala mbaya. Tena, kuelewana na mbwa ishirini ndani ya uzio hakukuambii atafanyaje kwenye nyumba yenye kochi moja na mtu mmoja wa kugombewa. Sikuwalaumu wahudumu, ambao hulemewa na kazi na huwapenda kweli wanyama wao, ila nilikuwa na jike aliyeanza tu kulala ubavu bila kushtuka, na nikaona sina haki ya kumbahatishia.

Huyu wa pili niliye naye sasa alikuwa ameshaletwa nchini na kukaa kwa mlezi wa muda, jambo ambalo baadhi ya mashirika hulifanya na ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la kutafutwa na mtu mwenye mbwa tayari. Mlezi aliweza kunieleza mambo ambayo kituo hakiwezi kuyajua: analalaje usiku, anafanyaje akipewa mfupa, anamwonaje paka, anatulia baada ya muda gani akishtuka. Kisha tukawakutanisha katika uwanja mpana. Mlezi alimshika dume, mimi nikamshika jike wangu, tukatembea kuelekea upande mmoja kwa mwendo mmoja, tukiwa tumeachana kama mita 20, bila kuwaruhusu kukabiliana uso kwa uso. Jike wangu alianza mkia ukiwa umekakamaa. Alinusa majani kwa wasiwasi, akiinua kichwa kila mara kumtazama yule mwingine, nasi tukaendelea vilevile hadi nilipomwona akiifuata harufu moja mpaka mwisho wake, shingo imelegea, bila kuinua kichwa. Hapo tu ndipo tulipoanza kusogeleana. Tulirudia siku nyingine, na nyingine tena, kabla ya kuwaacha wanusane kwa sekunde chache na kuwaita kila mmoja upande wake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini nilipomleta nyumbani sikuwa nikimleta mgeni kabisa.

Sasa magonjwa, ambayo naona watu huyapita haraka. Sheria za mipaka zimetungwa hasa kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Katika Umoja wa Ulaya mbwa huwekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi, huchanjwa akiwa na umri wa wiki 12 au zaidi, kisha husubiri siku 21 kabla ya kuvuka mpaka. Uingereza huongeza dawa ya minyoo tegu inayotolewa kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuwasili. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haipokei mbwa wa chini ya miezi 6 kutoka nchi yoyote. Na Kanada ilifunga milango tarehe 28 Septemba 2022 kwa mbwa wa kibiashara, wakiwemo wanaoletwa kwa ajili ya kupatiwa makazi, kutoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Soma kanuni za nchi unayoishi na za nchi anakotoka, na uhakikishe mbwa anasafiri kwa hati za kibiashara pale sheria inapozitaka, si kwa kisingizio cha mnyama anayesafiri na mmiliki wake.

Hata hivyo mbwa anaweza kutimiza masharti hayo yote na bado akaja na kitu damuni. Kinachoniogopesha kuliko vingine mtu anapokuwa na mbwa mwingine nyumbani ni brusela ya mbwa, bakteria ambao huenezwa hasa kupitia majimaji ya uzazi lakini pia kwa mkojo, ambao dawa za antibaiotiki haziwaondoi kwa uhakika, na ambao mara chache humpata binadamu pia. Kuhasiwa hupunguza hatari bila kuifuta. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha hana ilhali maambukizi ni mapya, kwa hiyo kipimo kimoja kabla ya safari hakitoshi. Madaktari hushauri kurudia miezi 3 hivi baadaye. Ukipokea jibu kwamba anao, wa kumfikiria si huyo mgeni peke yake.

Ipo pia lishmaniasisi (ugonjwa wa vimelea), iliyoenea katika nchi za pwani ya bahari ya Mediterania, ambayo huletwa na usubi na inaweza kukaa mwilini miezi au hata miaka kabla ya kuonyesha dalili. Kwa kawaida hudhibitiwa kwa dawa, mara nyingi za muda mrefu, bila kuisha kabisa. Pale pasipo na usubi wa aina hiyo, uambukizo wa mbwa kwa mbwa ni nadra, ila umewahi kuripotiwa kati ya mbwa wanaoishi nyumba moja. Minyoo ya moyo huenezwa na mbu, na kipimo chake cha kawaida huwatambua minyoo waliokwisha kukomaa, ndiyo maana kinapaswa kurudiwa baada ya kama miezi 6. Magonjwa ya kupe, kama ehrlichia na babesia, nayo yapimwe, na mbwa akaguliwe kupe siku ileile ya kufika, kwenye masikio, kati ya vidole na chini ya mkia, kwa kuwa kupe wa kahawia wa mbwa huweza kuzaliana ndani ya nyumba. Mweleze daktari wako kabla, si baada, kwamba unamleta mbwa kutoka nchi fulani, na uulize kampuni ya bima kwa maandishi kama ugonjwa aliokuja nao utahesabiwa.

Kuhusu siku za mwanzo nitasema machache, kwani una uzoefu wa jike wako. Mbwa wengi hutoroka katika siku hizi, mara nyingi mlangoni au wakati wa kushushwa garini, kwa hiyo mvishe mkanda wa kifuani na wa shingoni, kila mmoja na kamba yake, na usimfungue nje hata kama bustani ina uzio. Kwa kuwa sasa wapo wawili, watenganishe kwa geti la ndani, walishe vyumba tofauti, ondoa mifupa na vitu vya kuchezea vilivyozagaa, na mpe mwenyeji muda wake wa peke yake na wewe kila siku. Usiidharau kazi hiyo ya mwisho. Jike wangu hakuwahi kumuuma mgeni wala kumbwekea, ila alikuwa ameanza kulala ukumbini badala ya chumbani kwangu, na ilibidi nimwite kila jioni, geti limefungwa, hadi alipoanza kurudi mwenyewe.

Najua pia ile picha inakusumbua, hasa kama imeandikwa kwamba dume huyo hana muda. Sikubaliani na wanaosema kuwachukua wanyama wa ng'ambo ni upuuzi. Maisha ya huyo mmoja ni maisha kamili. Lakini ukimkataa hujamhukumu, na fedha ya usafiri wake ikielekezwa kwenye kufunga vizazi na kuchanja mbwa wa mtaani hukohuko, inazuia vichanga wengi wasizaliwe kwenye dhiki hiyo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo husitisha uenezaji wa kichaa cha mbwa, na kazi hiyo hufanywa na mashirika madogo kama hilo unalowasiliana nalo.

Kwa hali uliyoieleza, mimi ningewaandikia hivi: kwamba ninavutiwa na dume huyo, na kwamba niko tayari kumchukua akishafika kwa mlezi wa muda na kukutana na jike wangu mara kadhaa. Ningewaomba majibu ya maabara yenyewe, si neno la "amepimwa", na namba ya chipu iliyoandikwa kwenye kila karatasi ili ilinganishwe na ile itakayosomwa na kifaa shingoni mwake. Ningewauliza pia ni nani atakayemchukua wakishindwa kuelewana, anaishi wapi, na ndani ya siku ngapi, kisha ningetaka jibu hilo liwe kwenye mkataba. Wakikubali, anza kupanga siku ya kukutana. Wakikwambia ni lazima aje moja kwa moja mlangoni kwako na wapo wengine wanaomsubiri, mwachie huyo mwingine, hasa kama hana mbwa nyumbani.